UKURASA WA BIDHAA 40 HAUHITAJI MTAMBO WA GOOGLE



Leo naongea jambo ambalo baadhi ya mafundi hawatalipenda. Sisi tunaouza mtandaoni huku Mashewa, ukifika wakati wa kuwa na tovuti yako linakuja swali: bei ikibadilika au mzigo mpya ukiingia, tovuti ijisasishe yenyewe kwa zana gani? Fundi anakutajia Kubernetes, anakutajia Terraform. Majina makubwa, na bei ya kazi nayo inapanda.

Msimamo wangu ni huu: muuzaji mdogo achague zana ambayo akikosea anarudi nyuma haraka.

Kubernetes ilitolewa na Google mwaka 2014, kazi yake ni kuendesha programu kwenye mashine nyingi kwa pamoja. Terraform inaandaa seva zenyewe. Ni zana nzuri, ila wewe una bidhaa 40 na oda zinaingia WhatsApp. Ukikodi fuso kupeleka debe moja la maharage Korogwe mjini, nauli inakula mzigo.

Kwa duka la hivyo, Netlify au Cloudflare Pages inatosha. Fundi anahifadhi mabadiliko GitHub, tovuti inajisasisha yenyewe. Umeandika 1,500 badala ya 15,000 na oda zinamiminika? Unarudisha toleo la jana chap, bila kumsubiri mtu.

Utaambiwa mtambo mkubwa hauzimi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ikayumba nchi nzima. Hata ungekuwa na seva kumi, mteja asiye na mtandao hakuoni.

Kabla hujatoa hela, muulize fundi haya:

1. Akaunti imefunguliwa kwa barua pepe ya nani? Iwe yako, yeye mwalike tu. Mkigombana, duka linabaki kwako.

2. Mpango wa bure unaruhusu biashara? Ule wa Vercel, unaoitwa Hobby, ni kwa matumizi binafsi tu, siyo kuuza.

3. Bure ikiisha je? Heroku walifuta mipango yao ya bure Novemba 2022. Kaa na nakala ya tovuti nzima, ili uweze kuhamia kwingine.

4. Nikikosea narudije? Asikueleze kwa mdomo, akuonyeshe. Kisha ufanye mwenyewe yeye akiangalia.

Akishindwa kujibu hata moja, usilipe kwanza. Mtaji wenyewe tunaujua ulivyopatikana.

Duka likikua, malipo na stoo vikawa ndani ya tovuti, hapo ndo muongee habari za mitambo mikubwa.

Wewe je, akaunti ya tovuti yako iko kwa jina la nani? Kaangalie leo, halafu tuambie hapo chini.