Mcheza Kwao Hutunzwa

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Neno hilo kutunza lina maana mbili: kumpa mchezaji tuzo mbele ya watu, na kumlea asiharibike. Nachelea sisi wa leo tumeishika maana ya kwanza, ya pili tumeiacha.

Tazameni viwanja vyetu jioni. Kijana akifunga bao hubebwa mabegani. Juma la pili akikosa penalti hutukanwa yeye na mamake. Kocha naye humtoa na asiseme naye. Kijana huyo hafunzwi mchezo, hufunzwa woga. Na mwenye kuogopa aibu hajaribu jambo jipya. Husingizia mguu, huacha mazoezi, au akikua hutafuta dawa za kututumua misuli.

Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa saikolojia huko Marekani wamepambanua mazingira ya namna mbili: yale yanayompima mtu kwa wenziwe, na yale yanayompima kwa alivyokuwa jana. Katika haya ya pili, mchezaji huupenda mchezo zaidi na hudumu nao. Kwetu si jambo geni. Mwalimu mwema wa chuo hamwambii mtoto, "Fulani amekupita." Humrudisha kwenye aya aliyoikosea jana, mpaka aisome sawasawa.

Ushahidi tunao papa hapa Kenya. Eliud Kipchoge alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Paris mwaka 2003. Mwaka 2012 alikosa hata nafasi katika timu ya Olimpiki. Wangapi miongoni mwetu wangemtupa? Kocha wake, Patrick Sang, hakumwacha. Mwaka uliofuata aliingia mbio za marathoni, kisha akashinda Olimpiki ya 2016 na ile ya Tokyo iliyofanyika 2021. Na kambini Kaptagat bingwa huyo alishika zamu ya kusafisha choo sawa na chipukizi. Hapo kijana huona kwamba medali haimpandishi mtu juu ya wenziwe, wala kushindwa hakumvui utu.

Atasema mtu: bila ukali hapana ushindi. Ukali siukatai. Mkali wa mazoezi ni mlezi. Mkali wa matusi ni mwizi, amwibia kijana hamu yake.

Basi wazazi, makocha na mashabiki, mcheza kwetu na tumtunze: siku ya bao, na zaidi siku ya kukosa.