Wafunze watoto lugha ya mikono wangali wadogo

Shule zinapofungwa, pita katika stendi ya Kakamega utazame matatu zitokazo Mumias. Miongoni mwa wanafunzi wanaoteremka na masanduku yao huenda ukawaona watoto viziwi. Huko Mumias kuna shule ya viziwi iliyofunguliwa mwaka wa 1961, ambayo ni miongoni mwa zile za kwanza za aina hiyo nchini Kenya.

Watazame wakiagana. Mikono inaruka, nyuso zinacheka, mzaha umekolea. Kisha kila mmoja anashika njia ya kwao, huyu Shinyalu, yule Malava. Afikapo nyumbani, mama anamkumbatia, anampa chai na kumwonyesha kwa kidole mahali pa kuweka sanduku. Mazungumzo yameishia hapo. Likizo nzima mtoto huyu ataitwa kula kwa kupungiwa mkono, ataona wenzake wakicheka asijue wanacheka nini, na atahesabu siku za kurudi shuleni. Amekuwa mgeni kwao.

Wazazi wasilaumiwe upesi. Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, ambao hawakuwa na haja ya lugha ya ishara hadi siku hiyo. Lakini katika nyumba hizo hizo wamo watu wanaoweza kuijua haraka kuliko sisi sote. Nao ni wale wadogo wa miaka miwili, mitatu na minne wanaocheza chini ya meza. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.

Najua swali lako: je, mtoto anayesikia akizoea ishara, hatachelewa kusema? Hofu hiyo haina msingi. Mtoto hupunga mkono wa kwaheri na kuonyesha kwa kidole kabla ya kutamka neno. Huko California, Marekani, watafiti Linda Acredolo na Susan Goodwyn walianza kuchunguza jambo hili katika miaka ya 1980, na hawakuona kwamba ishara zinazuia usemi.

Aidha, usidanganywe na wale wanaodai kwamba ishara zitamfanya mwanao awe hodari kuliko wenzake. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, uliotangazwa mwaka wa 2013, uliwafuata watoto 40 na haukuona kwamba waliofunzwa ishara waliwatangulia wengine katika lugha. Faida ya ishara ni nyingine: mtoto anapata mtu zaidi wa kuzungumza naye. Na kama mtoto wa Kakamega anaongea Kiluhya na kukhu wake, Kiswahili mtaani na Kiingereza darasani, hii ya nne itamlemea vipi?

Utaanzaje? Anza na mambo ya nyumbani: maziwa, maji, ugali, kulala, choo, inatosha. Chukua ishara mbili au tatu kwa wiki. Fanya ishara huku ukitamka neno, wakati kitu chenyewe kipo mbele ya mtoto. Usimgeuzie mwanafunzi huyu mdogo jambo hili kuwa mtihani. Akikosea vidole, endelea tu, kama unavyoendelea anaposema "mati" badala ya "maji".

Pili, mfunze kutumia uso. Nyusi zikiinuliwa, usemi huwa swali, na uso ulionuna hubadili maana ya mkono. Mfunze pia adabu ya kumwita kiziwi: mguse begani au mpungie mkono mahali anapokuona, wala usimrushie kitu.

Tatu, usitunge ishara zako. Lugha ya Ishara ya Kenya ina maneno na mpangilio wake, na si Kiswahili kilichohamishiwa vidoleni. Mwalimu bora ni kiziwi mwenyewe. Kama unaye mtoto anayerudi kutoka bweni, mwache awe mwalimu wa nyumba nzima kila jioni. Itamfaa hata yeye kuona kwamba kuna jambo analolijua kuliko baba. Wala asiitwe "bubu" tena, kwani mwenye lugha si bubu.

Huenda ukasema kwamba kwako hakuna kiziwi. Lakini yupo jirani, yupo fundi wa viatu, yupo mteja sokoni. Katiba ya mwaka wa 2010 iliitaja lugha hii kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Itakuwa aibu iwe na nafasi Bungeni na ikose nafasi mezani petu.

Desemba moja nilikuwa mgeni katika nyumba moja mtaa wa Amalemba. Mama alikuwa jikoni akipika kuku. Mwanawe kiziwi, aliyekuwa likizoni, alikuwa ameketi nje peke yake. Binti wa miaka minne alitoka, akamgusa kakake begani, akafanya ishara kama tatu hivi. Kaka akajibu kwa mikono huku akitabasamu. Binti akarudi mbio jikoni: "Mama, anasema leo firigisi ni yake!"

Msomaji anayejua mila zetu anafahamu kwamba firigisi ni ya baba. Mama alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akafuta machozi kwa leso, akaniambia kuwa hajui kama yalikuwa ya kicheko tu. Miaka yote hiyo hakuwa amejua kwamba mwanawe ni mcheshi.

Je, kwako kuna nani ambaye mzaha wake haujafika jikoni? Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.