Mgonjwa Asiye na Homa

Habari hii inaanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana mwenzetu mmoja bwenini aliacha kula, akawa halali usiku, na asubuhi kengele ikilia haamki. Sisi tulimcheka tukamwita "Mirembe", kwa jina la ile hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma. Mwalimu wa zamu alimpa adhabu ya kufyeka majani. Alipopelekwa chumba cha wagonjwa alipimwa homa, hakuwa nayo, akarudishwa darasani. Muhula ulipokwisha alikwenda kwao, na mpaka leo hajarudi.

Ukatili wetu ulitokana na kutojua. Ajabu ni kwamba dawa ya kutojua huko ilikwisha jaribiwa katika mkoa huu huu wa Arusha. Katika mradi uliofanywa Tanzania na Malawi, ambao Profesa Stan Kutcher wa Kanada alikuwa mmoja wa viongozi wake, walimu wa sekondari walipewa mafunzo ya kuwaeleza wanafunzi habari za sonona, yaani huzuni nzito isiyomtoka mtu kwa majuma mengi. Upande wa pili wahudumu wa afya walifundishwa kuitambua kwa vijana na kuitibu. Redio nayo ikatangaza mambo hayo hayo. Matokeo ya mafunzo ya walimu yalichapishwa mwaka 2016: walijua zaidi, na dharau kwa wagonjwa ilipungua.

Linalonipendeza mimi ni kule kufundishwa pande zote mbili. Mwalimu akimwona mtoto amebadilika, anajua pa kumpeleka. Na huko aendako hatarudishwa kwa sababu hana homa.

Wengine watasema walimu wana kazi nyingi. Ni kweli, nami sitaki mwalimu awe mganga. Naomba zahanati ya karibu itutumie muuguzi mara moja kwa mwezi, aketi na mwalimu wetu wa ushauri nasaha, mlango ufungwe, wala asiulizwe mtu amefuata nini humo. Gharama yake sidhani kama yazidi nauli ya daladala. (Timu yetu ya mpira hukodishiwa gari zima, na hakuna anayenung'unika.)

Nimemwandikia mwenzetu yule barua ya kumwomba radhi. Kitanda chake, kilicho karibu na dirisha la upande wa mto Themi, bado ki tupu.