Badiliko moja la TB sugu liwe na jina moja

Sangara wa Mwanza ndiye mbuta wa Kisumu na mputa wa Entebbe. Majina hayo matatu hayajawahi kukwamisha biashara, kwa kuwa muuzaji na mnunuzi wanamwona samaki mwenyewe juu ya mzani. Badiliko la kinasaba linalovifanya vimelea vya kifua kikuu vikaidi dawa haliwekwi mzanini. Daktari hulijua kwa maandishi ya maabara tu, na maandishi yakiyumba hana pengine pa kulitazama.

Maandishi hayo yanayumba. Badiliko linaloongoza duniani kwa kuleta usugu wa dawa ya rifampisini limo katika jeni ya rpoB, pale asidi amino ya serini inapogeuka leusini. Makala nyingi huliita S531L. Orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) huliita S450L. Kwenye utepe wa kipimo cha LPA ni mstari wa MUT3, na katika mashine ya GeneXpert ya awali huonekana kama kichunguzi E kilichokosa kunasa. Yote hayo ni kitu kile kile.

Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1993, watafiti walipoonyesha kuwa usugu huo unatokana na rpoB, jenomu ya vimelea vya TB ilikuwa bado haijasomwa, wakaazima hesabu ya E. coli, bakteria wa utumbo. Mwaka 1998 jenomu ya H37Rv, kimelea cha rejea, ilisomwa yote, herufi milioni 4.4, na kwa hesabu yake inayotumika leo namba za kuazima zimezidi kwa 81. Kuazima kulikuwa na sababu. Kuendelea kuvaa nguo ya kuazima zaidi ya miaka 25 baada ya kushona yako ni uzembe.

Uzembe huu una madhara. Utafiti wa Eswatini uliochapishwa mwaka 2015 ulilikuta badiliko la I491F katika takriban asilimia 30 ya vimelea vya TB sugu kwa dawa nyingi. Badiliko hilo liko nje ya eneo ambalo GeneXpert hulikagua, hivyo mashine hujibu kuwa rifampisini ingali inafanya kazi. Kwa hesabu ya kuazima, hilo hilo ni I572F. Mtaalamu anayetafuta onyo kwa namba moja hulikosa lililoandikwa kwa nyingine. Hata herufi ya mwisho ina uzito wake: histidini ya 445 ikigeuka tairosini, usugu ni mkali, ikigeuka leusini, usugu huwa wa kadiri na kipimo cha kuotesha huweza kuukosa. Ripoti inayosema tu "sugu kwa rifampisini" imeficha nusu ya habari.

Kwetu kando ya Ziwa Victoria jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu wagonjwa wetu hawakai mahali pamoja. Mvuvi aliyeanza dawa Ukerewe huhama na kambi kufuata dagaa hadi Kome au Muleba, na wengine huvuka hadi visiwa vya Uganda. Sampuli nazo husafiri. Hospitali ya taifa ya TB sugu ni Kibong'oto, Kilimanjaro. Kampala kuna maabara ya rejea ya kimataifa iliyoteuliwa na WHO mwaka 2013. Karatasi ya mgonjwa ni lazima isomeke vile vile kote huko.

Wapo watakaosema ziwa linahitaji dawa na mashine kwanza, majina baadaye. Hatukubaliani nao. Mashine inayotoa jibu lisiloeleweka ni fedha iliyotupwa, na dhana kwamba usanifishaji unahitaji bajeti kubwa si kweli. Unahitaji waraka mmoja.

Basi Wizara ya Afya, kupitia Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, itoe waraka huo. Kila ripoti itaje jeni, namba kwa hesabu ya H37Rv, badiliko lenyewe, kipimo kilichotumika, na daraja la badiliko hilo katika orodha ya WHO pamoja na toleo lake, maana toleo la mwaka 2023, lililotokana na sampuli zaidi ya 52,000, si sawa na lile la 2021. Namba ya zamani iwekwe kwenye mabano kwa mwaka mmoja, kisha ifutwe. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), hospitali ya Bugando na vyuo vya tiba visipokee andiko lolote lisilofuata utaratibu huo. Jumuiya ya Afrika Mashariki iufanye kuwa wa ziwa zima.

Kuanzia mwaka 1977, Tanzania pamoja na mtaalamu wa TB Karel Styblo ilijenga mfumo wa kuandikisha na kufuatilia kila mgonjwa wa TB kwa rejista za aina moja wilaya hadi wilaya, na WHO ikaja kuusambaza mfumo huo duniani. Nchi iliyoweza hilo kwa kalamu na daftari haina udhuru leo. Waraka utoke mwaka huu.