Cheti Ukutani Hakilei Mtoto



Kabla jua halijachomoza, mama mchuma chai wa Kericho au mkata maua wa Naivasha amekwisha mbeba mtoto mgongoni. Hampeleki kwa bibi yake, maana bibi yuko mbali kijijini. Anampeleka kwa mama mlezi wa jirani, analipa ada ya siku, kisha anakimbilia kazini. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye mshahara. Ikiisha, mtoto hata kukaa hajajua.

Je, huko anakoachwa, nani anaangalia? Katiba ya Kenya ya 2010 iliweka vituo vya kulelea watoto mikononi mwa serikali za kaunti. Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria yake ya vituo hivyo mwaka 2017. Basi kusajili na kukagua ni wajibu wa kaunti, si hisani.

Sisi tunaozunguka mashambani na viwandani tumeviona vituo hivyo. Tuliingia chumba kimoja cha mabati, watoto 20 na mlezi mmoja, jiko la makaa linawaka ndani kwa sababu ya baridi. Sumu ya makaa haina harufu; mtoto hulala asiamke. Tulitoa jiko nje, tukafungua dirisha. Mlezi yule si mtu mbaya, ila hakuna aliyewahi kumweleza. Mkaguzi alifika mara moja tu, akadai leseni, akaamuru pafungwe. Akina mama wakabaki bila pa kwenda. Wengine waliwaachia wachanga dada zao wa miaka 8, na hao wakakosa shule. Punde mlango ukafunguliwa tena, kwa siri, na jiko likiwa lile lile.

Ndiyo maana tunasema: ukaguzi tunautaka, lakini ukaguzi wa kufunga tu hauokoi mtoto. Mkaguzi afundishe, atoe muda wa kurekebisha, kisha arudi kuona. Ada ya usajili iwe ile ambayo mlezi maskini anaimudu. Penye hatari ya maisha afunge siku hiyo hiyo, lakini aseme watoto waende wapi.

Waajiri nao wasijifiche nyuma ya kaunti. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka watenge mahali pa kunyonyeshea kazini. Kwenu mahali hapo pako wapi? Viongozi wa matawi, ulizeni swali hili katika kikao kijacho na mwajiri, na jibu liandikwe.

Tusisahau kwamba walezi hawa ni wafanyakazi wenzetu. Wanapata kidogo kwa sababu sisi tunaowalipa tunapata kidogo. Tuwakaribishe chamani, tudai pamoja nao. Mkono mmoja haulei mwana.

Umoja ni nguvu!