Anayehama kazi amuulize mshauri wa pensheni analipwa na nani

Mfanyakazi wa hoteli Malindi au Watamu anapohamia mwajiri mwingine, huenda akashauriwa na wakala wa bima ahamishe pensheni yake. Lakini wakala anayelipwa kamisheni na kampuni hawezi kuitwa mshauri huru.

Sheria ya mwaka wa 1997 iliunda Mamlaka ya Kusimamia Malipo ya Uzeeni (RBA) ili kulinda wanachama. Kabla ya kutia saini, mfanyakazi adai kwa wadhamini hesabu ya michango yake na ya mwajiri, kisha aiulize RBA iwapo mpango mpya umesajiliwa. Wadhamini wakimnyima haki, anaweza kulalamika kwa RBA.

Msimu wa watalii ukiisha, kutoa akiba mapema huvutia. Hata hivyo, anayeitumia leo hupunguza riziki ya uzeeni.