Umepewa Mji, Toa Jibu



Katika sanaa tulizorithi, sijui iliyo na sheria fupi na kali kuliko kitendawili. Mmoja huita, "Kitendawili!" Wenzake huitika, "Tega!" Hutega, nao hujaribu mara moja, mara mbili, mara tatu. Wakishindwa, mtegaji hudai mji. Hupewa Tabora, akaukataa. Hupewa Mwanza, akatia maringo. Mwishowe huukubali mmoja, akajisifu jinsi alivyofika huko, akapokewa, akala, akanywa. Akisha kujisifu, hutoa jibu. Hiyo ndiyo sheria. Mji ni malipo, na jibu ni kitu kilicholipiwa. Mtegaji anayetwaa mji kisha akainuka, akakung'uta kanzu na kwenda zake kulala, hajawazidi wenzake akili. Amewadhulumu.

Nimeikumbuka sheria hii kwa sababu ya tamthilia za televisheni. Tumezoea sasa kuona mhusika anaingia na siri nzito, siri inapigiwa muziki wa kutisha, kamera inamsogelea usoni, kipindi kinakatika. Na baada ya majuma machache mhusika yule hayupo, siri haipo, wala hakuna anayemtaja. Barua iliyofichwa chini ya godoro haisomwi kamwe. Mtoto asiyejua baba yake anakua mbele ya macho yetu bila kuambiwa. Mtazamaji alikwisha kuutoa mji wake zamani: saa zake, vocha yake, malipo ya king'amuzi chake, na imani yake. Jibu halikuja.

Nitaomba tulitazame jambo hili tukiwa Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma, wala si Dar es Salaam. Nina sababu. Watu husema Kigoma ni mwisho wa reli, wakasahau kuwa Reli ya Kati ilishuka ziwani bila kupanda Kasulu wala Kibondo. Kilichotoka pwani kilifika huku kwa barabara ndefu, na mara nyingi kilifika pungufu. Kwa miaka mingi, kabla ya gridi ya taifa kufika, umeme wa miji hii ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na vijijini watu walitegemea paneli ya jua na betri. Tamthilia ilitazamwa kwa jirani mwenye king'amuzi, au katika banda la video, au kwa kununuliwa msimu mmoja mmoja katika diski na flashi, bila uhakika kwamba msimu wa pili utafika sokoni.

Basi fikirini anavyoishi fumbo lililotelekezwa katika mazingira hayo. Mtazamaji wa mjini, mwenye umeme wa uhakika na intaneti, akiona kisa kimekatika, hujua mara moja kwamba mwandishi amekitupa. Mtazamaji wa Kibondo hujishuku mwenyewe kwanza. Husema: labda umeme ulikatika siku ile. Labda flashi ilikuwa na kasoro. Labda walionesha nikiwa shambani. Huuliza sokoni, huuliza kisimani, humsubiri ndugu aliyesafiri arudi na habari. Anakitafuta kipindi ambacho hakijapata kutengenezwa. Deni la mwandishi wa mbali limehamia mgongoni mwa mtu aliyelipa zaidi ya wote ili aone.

Kuna na jambo la lugha. Kasulu na Kibondo ni nchi ya Waha. Watoto wengi huonja Kiha kabla ya Kiswahili. Kwao tamthilia ni darasa lisilo na ada. Humo hujifunza namna watu wa pwani wanavyoombana radhi, wanavyotukanana kwa adabu, wanavyoposa na kukataa posa. Anayejifunza lugha kwa hadithi hujifunza pamoja nayo mantiki ya hadithi: kwamba lililotajwa lina sababu ya kutajwa, na kwamba swali hufuatwa na jibu. Tukimzoesha kwamba swali laweza kutupwa njiani, tumemfundisha nini kuhusu maneno?

Ili tusiwaonee watunzi, tutenganishe mambo matatu ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. La kwanza ni fumbo. Hili mtunzi ameliacha wazi kwa kukusudia, na kazi yenyewe inatuonesha kwamba uwazi huo ndio maana yake. La pili ningeliita kiporo, neno ambalo mashabiki wa kandanda wamekwisha kutuazima kutoka jikoni: mechi ya kiporo ni ile iliyoahirishwa, lakini bado inadaiwa kwenye ratiba. Kisa kiporo kimewekwa kando na kitapashwa moto siku yake. La tatu ni telekezo: kisa kilichozaliwa, kikalishwa vipindi kadhaa, kisha mzazi wake akakiacha njiani kama mtoto asiyetakiwa. Fumbo lina heshima na kiporo kina subira. Telekezo ni dhuluma, hata kama limepigwa picha kwa kamera ya bei kubwa.

Tukiwa na maneno haya matatu, tunaweza kuhukumu kwa haki. Chukueni Isidingo ya Afrika Kusini, ambayo Watanzania wengi waliifuata kupitia ITV. Ilianza mwaka 1998 na kumalizika Machi 2020, baada ya SABC kuamua kuisitisha. Tamthilia iliyokwenda karibu miaka 22 imejengwa kwa visa vinavyopishana, kimoja kikianza kabla kingine hakijaisha. Ikipewa miezi michache ya kufunga mlango, lazima baadhi ya viporo vimwagwe. Hapo sitamlaumu mwandishi. Vivyo hivyo Charles Dickens: alifariki tarehe 9 Juni 1870 akiwa ametimiza sehemu sita tu kati ya kumi na mbili za The Mystery of Edwin Drood, na hadi leo hakuna ajuaye kwa yakini yaliyompata Drood. Wasomaji hawakustahimili. Mwaka 1914, jijini London, waandishi walifanya kesi ya mchezo kumshitaki mhusika John Jasper, G. K. Chesterton akiwa jaji na George Bernard Shaw akiongoza baraza la wazee. Kifo kimesamehewa deni, lakini deni halikusahauliwa.

Lakini telekezo nyingi tunazoziona hazina kifo wala amri ya kufungwa. Zina sababu za ukumbini: mwigizaji amegombana na mtayarishaji kuhusu malipo, mfadhili amebadilisha nia, muswada wa kesho unaandikwa usiku wa leo, na aliyeandika kipindi cha kumi hakusoma cha nne. Hizi ni shida za kweli, nami sizidharau. Ila tiba yake ni nyepesi kuliko wanavyodhani. Mwigizaji akiondoka, mstari mmoja wa mazungumzo watosha: "Yule amehamia Mpanda, ameniachia hii barua." Hapo mhusika ameondoka, barua imesomwa, na deni limelipwa kwa sekunde kumi. Kinachokosekana ni mtu mmoja aliyeshika daftari la madeni ya hadithi, akijua lipi limefunguliwa na lipi halijafungwa.

Wala tusiseme kwamba jambo hili ni geni kwetu. Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam, ulikuwa na dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu aliyevumilia nyumbani. Watunzi hawakumsahau Mkwaju barabarani. UKIMWI ulimkuta, akafa; Tunu alimwacha, akajitegemea kwa biashara yake. Mchezo ule ulikusudiwa kuelimisha, na elimu haina nafasi ya telekezo: mwenendo ukionekana bila matokeo yake, msikilizaji amepewa nusu ya somo. Kabla ya hapo Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na riwaya zilizofuata, alimpa Bwana Msa kiko chake na subira yake, na mwishoni akamfanya aeleze fundo moja baada ya jingine. Na jina la tamthilia Siri ya Mtungi, iliyoanza kuoneshwa mwishoni mwa 2012, limetoka kwenye methali isemayo kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Methali hiyo ni mkataba mzima wa mtunzi wa taharuki: siri ipo, na yupo aliyeingia ndani akaigusa.

Nasikia pingamizi la wenzangu wa mkondo mpya. Watasema maisha hayana jibu, na kwamba kudai kila kitu kifungwe ni kuirudisha sanaa utotoni. Watamtaja Euphrase Kezilahabi, aliyetupa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, kazi ambazo hazimshiki msomaji mkono hadi mlangoni. Nawakubalia kuhusu Kezilahabi. Lakini yeye hakuanza kwa kutuahidi mlango. Tangu kurasa za kwanza unajua umeingia mahali ambapo kuuliza ndiyo safari. Kosa ni kuahidi jibu kila jioni kwa muziki wa kutisha, kuuza matangazo juu ya ahadi ile, kisha kujificha nyuma ya falsafa ahadi ikikushinda.

Na kuhusu maisha kukosa jibu, watu wa Kasulu na Kibondo hawahitaji kufundishwa na televisheni. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012, na watu waliokuwa wakiishi humo wakarudishwa Burundi. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipokimbia tena. Katika kambi hizo, na katika vijiji vinavyozizunguka, neno "kupotea" si mbinu ya kuvuta watazamaji. Wapo waliotenganishwa na ndugu zao njiani, wakatoa majina yao kwa Msalaba Mwekundu, na wanangoja. Aliyekufa ana matanga, na aliyerudi ana karamu. Aliyepotea hana hili wala lile.

Ng'ambo ya mpaka, Marie-Louise Sibazuri wa Burundi aliielewa hali hiyo. Mwaka 1997, vita vikiendelea, mchezo wake wa redio Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye ndugu, uliotengenezwa na Studio Ijambo, ulianza kurushwa, ukaendelea kwa mamia ya vipindi, ukisimulia familia mbili, ya Kihutu na ya Kitutsi, zinazoishi ubavuni. Nchi ilipokuwa ikimwaga damu bila majibu, mtunzi alichukua kalamu na kufuatilia, juma baada ya juma, nini kinampata nani na kwa sababu gani. Kwa mtu ambaye maisha yamemnyima mwisho, hadithi huenda ndiyo mahali pekee anapouona mwisho kwa macho yake. Kumnyima na huo kwa uzembe tu ni ukatili mdogo, lakini ni ukatili.

Malenga tuna sauti katika jambo hili, kwa maana ushairi wetu umejengwa juu ya kujibizana. Katika kurasa za mashairi za magazeti, mmoja aliuliza toleo hili, mwingine akajibu toleo lijalo, na swali lililokosa mjibu lilikuwa aibu ya ukumbi mzima. Mathias Mnyampala alipoikuza ngonjera, aliwasimamisha watu wawili wabishane mbele ya hadhira hadi wafikie mwafaka. Hakuwaacha jukwaani midomo wazi. Hata ubeti mmoja hautuachi: vina vimeahidi, na kituo hulipa.

Basi napendekeza mambo mawili. Tunapoandika uhakiki wa tamthilia, tusiishie kwenye uigizaji na mavazi. Tuorodheshe madeni, tuseme lipi ni fumbo, lipi kiporo, lipi telekezo. Na mtunzi akikaa kimya, tumjibie kwa beti: tumalizie kisa chake hadharani, tumpe mhusika wake kaburi au harusi, ili mtazamaji wa Kibondo aache kujilaumu kwa kipindi ambacho hakikuwapo. Mimi naanza na ubeti huu. Aliye na kisa alichoachwa nacho aendeleze.

Mtegaji twatambua, tumekukabidhi mji,
Jibu unalolijua, usilifanye mtaji,
Uzi ulioutua, umalize mfumaji,
Umepewa mji, sema. Toa jibu tutulie.